Karo ya Januari: kopo, chama, simu, sako au gunia la mahindi?

Watu huniuliza: pesa ya karo ya Januari niiweke wapi mwaka mzima? Tuanze na hesabu, maana ulinganisho usio na hesabu ni porojo za kibarazani. Mwongozo wa karo uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2015 uliweka shilingi 53,554 kwa mwaka kwa mzazi wa shule ya kitaifa ya bweni, na mpaka leo wengi wetu tunaanzia hapo. Mihula imegawiwa 50 kwa 30 kwa 20. Muhula wa kwanza peke yake unadai nusu nzima, 26,777. Wa pili ni 16,066, wa tatu 10,711. Ongeza sanduku la bati, godoro, sare, ndoo, nauli, na ile orodha ya shule yenye rimu za karatasi ambazo hakuna mtoto anayejua zinaishia wapi. Wiki ya kwanza ya Januari unatakiwa uwe na kama 35,000.

Mimi nauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Pesa yangu inaingia gorogoro kwa gorogoro, na kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ziwani, inaingia kwa kusuasua. Kutoka katikati ya Februari hadi mwisho wa Disemba ni wiki kama 45. Nikiweka 800 kwa wiki, napata 36,000. Hiyo 800 naipata. Kuna wiki naikosa na kuna wiki napata maradufu, lakini mwisho wa mwaka hesabu inakaribiana. Kutafuta pesa si kazi inayonishinda. Kinachonishinda ni kuiweka pesa niliyokwisha kuipata, kwa sababu ikikaa mahali ninapoiona mimi, kuna mwingine anaiona pia. Na wakati mwingine huyo mwingine ni mimi mwenyewe, Jumamosi jioni, nikipita kwenye mitumba.

Nimesomesha watoto wawili bweni na njia nyingi za hapa chini nimezijaribu kwa pesa yangu, chache nimeziona kwa majirani. Wanaoniuliza swali hili huanza na riba: wapi wanalipa vizuri? Hebu tuimalize riba kwanza ili tuzungumze mambo ya maana. Tuseme umeweka 800 kila wiki kwa wiki 45 mahali panapolipa asilimia 9 kwa mwaka. Pesa inapanda polepole, kwa hiyo kwa wastani ni kama 18,000 tu iliyokuwa ikifanya kazi muda wote huo. Riba yake ni kama 1,400. Kodi ya zuio inakata asilimia 15, unabaki na kama 1,200. Si haba, hiyo ni ndoo, taulo, sabuni na chenji. Lakini ukimkopesha mtu mmoja 5,000 kutoka pesa ileile na asirudishe, umeshapoteza riba ya miaka minne.

Kwa hiyo mimi huuliza maswali mawili kabla ya riba. Pesa hii inatakiwa tarehe gani? Na kati ya leo na tarehe hiyo, nani atakuja kuiomba?

Kopo na sanduku

Watu hucheka kopo la kutoboa, wakidhani ni ushamba. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, hawakulicheka. Walifanya jaribio hukuhuku magharibi mwa Kenya, kwenye vyama 113 vya mzunguko, vile vya kuchanga na kupokea kwa zamu, wakitaka kujua kwa nini watu wanashindwa kuweka pesa ya afya: neti, dawa, mambo kama hayo. Kundi moja walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Kundi lingine wakapewa sanduku lilelile, lakini ufunguo ukakaa kwa mtu wa mradi. Siku unapotimiza lengo unampigia, mnakutana dukani, anafungua, unanunua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013.

Ungedhani sanduku la ufunguo wa mbali ndilo lililoshinda. Hapana. Lile la kawaida, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote, liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kupata tu mahali salama pa kuweka, basi. Lile lililofungwa kabisa halikuwafaa wengi, kwa sababu pesa iliyonaswa ndani haikuweza kutoka hata mtu alipougua. Lilifaa kwa aina moja ya watu: wale wanaoombwaombwa pesa na ndugu na marafiki kila mara. Niliposoma hivyo nilijijua ni mimi.

Lakini nilijijua nikiwa nimeshachelewa. Mwaka mmoja nilinunua sanduku dogo la bati, kufuli la duka la pembeni, ufunguo nikampelekea dada yangu anayekaa mji wa Ahero. Nikajiona hodari. Mwezi wa Juni, saa nane za usiku, mtoto wa mwisho akapandwa na joto, anatetemeka, meno yanagongana. Huku kwetu ziwani hiyo haihitaji mganga kukuambia ni malaria. Nina shilingi 140 mfukoni na zaidi ya 14,000 chini ya kitanda, na ufunguo uko Ahero. Nilichukua jiwe la kusagia. Kufuli lilitii pigo la tatu. Mtoto alitibiwa, alhamdulillahi, lakini tazama kilichofuata: kufuli likishavunjika mara moja, sanduku linakuwa kopo. Kufikia Septemba nilikuwa nimelifungua mara tisa, na hakuna hata mara moja kati ya hizo iliyokuwa malaria.

Uzuri wa kopo ni kwamba halina ada, halina foleni, na linapokea hata 20. Ubaya wake unaujua: moto, mwizi, mafuriko kwa walio karibu na ziwa. Na kuna ubaya mmoja tuliousahau. Mwaka 2019 noti za zamani za 1,000 zilikoma kutumika kuanzia tarehe 1 Oktoba. Mtu aliyekuwa amezificha darini asipate habari mapema alibaki na karatasi zenye picha.

Kopo linafaa kwa pesa ndogo inayoweza kuhitajika usiku. Karo nzima usiiweke humo.

Chama

Katika jaribio lilelile, kilichofanya kazi kuliko masanduku yote ni chama. Wanachama waliongezea chungu cha pili pembeni ya ule mzunguko wao wa kawaida, chungu chenye jina la afya tu, na akiba ya afya ikazidi maradufu. Hakukuwa na kufuli. Kulikuwa na macho ya watu ishirini wanaojua pesa yako ni ya nini.

Hilo ndilo ninalolipenda kwenye chama. Ukienda na karo ya mtoto ukanunua sofa, utasikia. Wanawake wenzako hawatakupiga, lakini watauliza, «Na sofa inaingia darasa la ngapi?»

Ila neno chama linabeba vitu viwili tofauti, na ukikosea hapo umeumia. Kuna chama cha mzunguko, ambapo kila wiki mmoja anachukua mkupuo wote. Hiki kinafaa karo kwa sharti moja tu: zamu yako iangukie Disemba au wiki ya kwanza ya Januari. Ukipokea Mei, pesa ya Mei itatafuta kazi ya Mei. Na zamu za Disemba kila mtu anazitaka, kwa hiyo zungumza mapema, mwanzoni kabisa, kabla ya kura kupigwa. Katika chama changu mwenye mtoto bweni anapewa nafasi ya mwisho bila kura, na badala yake analeta chai mwaka mzima. Bei nafuu.

Cha pili ni chama cha kuweka na kukopeshana, chenye sanduku la kufuli tatu na wenye funguo watatu, kinachogawana mwisho wa mwaka. Faida inayopatikana humo inatoka kwenye mifuko yenu wenyewe, mnapokopeshana. Kinaweza kulipa vizuri kuliko benki. Lakini usiulize tu kinalipa kiasi gani. Uliza: mkopo wa mwisho unatolewa lini? Ikiwa watu wanaruhusiwa kukopa hadi Novemba, basi Disemba mtagawana ahadi.

Nilishaonja hilo. Kulikuwa na chama fulani, sitakitaja, tuligawana mwezi wa Februari badala ya Disemba kwa sababu watu wanne walikuwa hawajarudisha. Mweka hazina hakuiba hata ndururu, ni mtu safi. Pesa ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa kwa wenzetu. Nilimpeleka mwanangu shule na nusu ya karo, nikaandikisha ahadi kwenye dirisha la mhasibu, mtoto amesimama pembeni akitazama viatu vyake vipya. Tangu siku hiyo sharti langu ni dogo: mikopo yote ifungwe mwisho wa Septemba, na daftari lisomwe kwa sauti kila kikao. Chama kinachokataa kusoma daftari kwa sauti hakifai hata cha mazishi.

Simu

Hapa ndipo wengi tunapoishia siku hizi. M-Shwari, huduma ya kuweka na kukopa benki kupitia M-Pesa, ilianza mwaka 2012, KCB M-Pesa ya aina hiyohiyo ikafuata 2015, na zote zina sehemu ya kufungia: unasema kiasi, unachagua muda, pesa inaondoka machoni. Pesa hiyo iko benki hasa, kwa hiyo inalindwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa mtu katika kila benki. Kabla ya 2020 ulinzi ulikuwa 100,000 tu. Walioshuhudia benki tatu zikifungwa kati ya 2015 na 2016 hawaoni hilo kuwa jambo dogo.

Lakini nitakuambia sababu yangu hasa ya kupenda kufungia kwenye simu. Si bima na si riba. Ni shemeji yangu.

Alikuja Alhamisi jioni, ninafunika omena na nailoni. Akaketi juu ya debe.

«Shemeji, habari za biashara?»

«Tunasukuma. Karibu.»

«Injini ya pikipiki imekufa. Fundi anataka elfu sita. Nikikosa wiki hii, wenyewe wanampa mtu mwingine.»

«Pole sana, shemeji. Mimi sina.»

«Nimesikia unamwekea mtoto.»

Bila shaka amesikia. Mtaa mzima wa Kaloleni umesikia. Nikatoa simu, nikamwonyesha ujumbe: imefungwa hadi Disemba. Akausoma pole pole, akaurudia, kama mtu anayesoma majibu ya maabara.

«Kwa hiyo hata wewe mwenyewe huwezi kuitoa?»

«Hata mimi.»

Haikuwa kweli kabisa. Ningeweza kuivunja na kusubiri kama saa 48. Lakini saa 48 hazikuandikwa pale alipokuwa akisoma, na mimi sikuona haja ya kuziongeza. Nilimpa 500 kutoka kwenye aproni, akanywa soda, tukaagana vizuri. Mwaka uliotangulia, mtu huyohuyo, sauti hiyohiyo, nilikuwa nimetoa 6,000 kutoka kwenye kopo. Zilirudi 2,000 na jogoo mmoja.

Simu haikunipa ugumu wa moyo, maana huo sina. Ilinipa jibu ambalo halimvunjii mtu heshima. Ukikataa pesa iliyo kabatini, umemkataa ndugu. Ukikataa pesa iliyofungwa, mnailaumu kampuni ya simu pamoja.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni hizo saa 48 kwa mgonjwa wa usiku. Ni kisa cha Ahero tena, kwa sura nyingine. Ya pili inawauma watu zaidi na haitajwi: Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha. Ukiwa unadaiwa Fuliza, shilingi yoyote inayoingia M-Pesa inakatwa kwanza. Unaweza kufunga karo miezi kumi, ikafunguka Disemba, ukaihamishia M-Pesa ulipie shule, na deni la mkate wa Novemba likajihudumia kabla yako. Lipa Fuliza kwanza kwa pesa nyingine, hakikisha inasoma sufuri, ndipo uhamishe karo. Na usiitoe kwa wakala kisha uibebe kwenda benki. Lipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya shule, utaokoa ada ya kutoa, na pesa haitapita mkononi.

Jambo la riba kwa Waislamu wenzangu: mume wangu hataki iingie nyumbani. Ile inayodondoka kwenye akaunti tunaitoa kando, haigusi karo. Asiyetaka hata usumbufu huo, chama cha mzunguko na mbuzi havina tatizo hilo.

Sako na mani maketi

Hapa nitapita haraka, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu watu huzitumia kwa kazi isiyo yake.

Sako ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Akiba yake, ile inayokupa haki ya kukopa, si pesa ya kutoa Januari. Huipati mpaka ujiondoe uanachama, na kujiondoa kuna notisi yake na wakopaji uliowawekea sahihi ya udhamini. Kazi yake ni kukukopesha, aghalabu hadi mara tatu ya akiba. Mwalimu mwenye 40,000 humo anaweza kuchukua mkopo wa karo na kukatwa kwenye mshahara mwaka mzima, na kwa mtu mwenye payslipu huo ni mpango mzuri kuliko kuhangaika na kopo. Kwa muuza omena, kukatwa kila mwezi ukiwemo mwezi wa Mei ni kujitafutia presha. Baadhi ya sako zina akaunti za pembeni za karo zinazofunguliwa kwa msimu; hizo ziulizie. Na jua kwamba ile bima ya amana ya benki haifiki kwenye sako. Uliza kama yako iko kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia sako, na uitake orodha uione kwa macho.

Hazina za soko la fedha, zinazokusanya pesa za wengi na kuziwekeza pamoja, na ambazo mjini kila mtu anaziita mani maketi, zinalipa vizuri kuliko akaunti ya kawaida, zinasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kutoa pesa huchukua siku chache za kazi. Nyingi zinaanza na kiasi kidogo. Tatizo lake kwangu ni kwamba hazikatai. Ukibonyeza, zinakupa. Kwa mtu mwenye nidhamu na ndugu wachache, ndiyo chaguo la kwanza, sina ubishi. Hati za hazina za serikali, zile za siku 91, 182 na 364, ziko salama lakini zinataka mkupuo mkubwa kwa mara moja, na anayeweka 800 kwa wiki hana mkupuo.

Kuna jambo jingine kutoka Bumala, kule Busia, linalowachanganya watu wa riba. Watafiti walewale wawili waliwafungulia wafanyabiashara wadogo akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti zilikuwa hazilipi riba hata senti, na kila ukitoa unakatwa ada. Ukipiga hesabu, unailipa benki ikuwekee. Sehemu kubwa ya wanawake wa sokoni walizitumia na wakawekeza zaidi kwenye biashara zao. Wanaume wa boda za baiskeli waliofunguliwa akaunti hizohizo kwa sehemu kubwa hawakuzitumia. Sitasema neno juu ya wanaume. Ninachosema ni kwamba wale akina mama walijua wananunua nini: ada ya kutoa ilikuwa ndiyo ukuta wao.

Gunia, mbuzi na kuku

Wenye shamba huko Mumias, Butere, Bungoma wana benki yao, na wa mjini tusiwadharau. Lakini tarehe ni muhimu kuliko mahali popote pengine.

Mahindi yanavunwa kuanzia Agosti na kuendelea, bei iko chini. Januari wazazi wote wanauza kwa ajili ya karo, bei bado iko chini. Aprili hadi Juni ghala ni tupu, bei inapanda kwa robo na zaidi, na familia ileile iliyouza Januari inanunua kwa gorogoro. Wachumi waliochunguza wakulima wa magharibi mwa Kenya waliliona hilo wazi: watu wanauza rahisi na kununua ghali, kila mwaka, wakijua. Si ujinga, ni karo. Kwa hiyo gunia ni akiba mbaya ya muhula wa kwanza na akiba nzuri sana ya muhula wa pili, ile 16,066 ya mwisho wa Aprili. Ukiwa na magunia saba, uza mawili kwa shida, na matano uyaandike kabisa kwa kalamu ya wino mzito: MUHULA WA PILI.

Yakauke kwanza. Kipimo cha nyumbani ni chupa na chumvi kavu: tia konzi ya mahindi, tikisa dakika chache, subiri kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, bado yana maji, rudisha turubali juani, la sivyo utaweka sumukuvu. Kisha tumia yale magunia yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, maana fukusi na yule mdudu tuliyempa jina la osama hawajui tarehe ya kufungua shule. Wanakula mtaji na riba.

Mbuzi ni afadhali kuliko gunia katika jambo moja: huwezi kuuza mguu wake. Nasema kwa dhati. Pesa inamegeka, mbuzi hamegeki, na shemeji hawezi kukopa robo ya mbuzi. Lakini ukimleta sokoni wiki ya kufungua shule, mnunuzi anakutazama usoni na kujua shida yako kabla hujafungua mdomo. Muuze kabla ya Krismasi, wakati wa mjini wanatafuta nyama, kisha pesa ikae kwenye akiba ya simu hizo wiki mbili. Kuku msiwategemee kwa karo. Kideri kikipita, banda linakwisha ndani ya siku chache, na huna hata ujumbe wa kumwonyesha mtu.

Sasa uchague

Mwenye mshahara na ndugu waelewa: mani maketi kwa agizo la kila mwezi, sako kwa dharura ya karo kubwa. Mwenye shamba: mbuzi wa Disemba kwa muhula wa kwanza, gunia kwa wa pili, na wa tatu utafute njia, ni 10,711 tu. Mwenye pesa ya kila siku na mlango usiokauka wageni, kama mimi, asichague kimoja. Nilichojifunza kwa jiwe la kusagia ni kwamba akiba moja haiwezi kuwa ngumu kwa shemeji na laini kwa malaria kwa wakati mmoja. Zinatakiwa za aina mbili, na ile laini iwe ndogo kiasi kwamba hakuna atakayehangaika kuiomba.

Kwa hiyo 800 yangu inagawanyika. 500 inaenda kwenye simu, imefungwa hadi tarehe 28 Disemba. 200 inaenda chama, zamu yangu ni ya mwisho. 100 inaingia kwenye lile sanduku la bati, kufuli jipya, ufunguo umo shingoni mwangu. Kwa wiki 45 hiyo ni 22,500, 9,000 na 4,500. Mbili za kwanza zinalipa muhula wa kwanza na kubakiza 4,723 za godoro na mengine. Sanduku likifika Disemba bila mtu kuugua, ni nauli na sare. Likiwa tupu, basi lilifanya kazi yake. Daftari anaandika binti mwenyewe kila Jumapili baada ya soko, na mwandiko wake unazidi kuwa mkali kila nikikosa wiki.

Shemeji alipita juzi.

«Bado imefungwa?»

«Bado, shemeji.»

Akatikisa kichwa kwa huruma, akapima omena ya 100 kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia atalipa Jumatano.